Shingo Yangu Mikononi mwa Riziki

Mama,

Wiki mbili zilizopita mtu alinielekeza kwa binti yako. Alinichorea hata njia, nyuma ya karatasi ya dawa: toka barabara kubwa, ingia Mikelenge, pita mashamba ya mihogo, nyumba ya tatu yenye mlango wa buluu. Akaniambia, "Madame, binti wa marehemu Mama Asha atakusaidia kuliko mimi."

Asha ni mimi. Mama Asha ulikuwa wewe. Nilishukuru, nikakunja karatasi, nikaitia mkobani.

Aliyesema hivyo ni kijana wa hospitali anayetibu viungo kwa mikono na mazoezi, yule tunayemwita kine. Ni mgeni mjini, ametoka Bukavu. Kwenye fishi yangu, ile kadi ya mgonjwa, liliandikwa jina la baba tu, Ramazani, na sauti ambayo watu wanaijua kutoka redioni siku ile haikuwepo, kwa maumivu nilikuwa nikisema kwa kunong'ona. Simlaumu. Alikosea kama anavyokosea mtu anayewasikiliza watu wa mji. Mji wote unasema hivyo.

Shingo yangu imekufa upande wa kushoto. Mtu akiniita, nageuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Kine alinisimamisha ukutani, visigino, makalio na mgongo vikagusa ukuta, kichwa kikabaki mbele. Aliingiza mkono mzima katikati ya kisogo changu na ukuta. "Kichwa chako kinatangulia mabega," alisema. Aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia naandika. Miaka yote hiyo nimeinamia mashine ya kunasia sauti, kisha kompyuta, sasa simu, tena simu nyingine nimeibana kati ya sikio na bega huku mkono unaandika. Alinifundisha kusimama mlangoni, viwiko kwenye fremu, nikisukuma kifua mbele polepole. Alinifundisha kuvuta kidevu nyuma. Mazoezi ni mazuri, nayafanya. Lakini alisema nyama ya shingo na bega imeshakaza mno, inataka mikono yenye muda, na yeye yuko peke yake na watu wamejaa kwenye baraza. Ndipo akaichukua karatasi akaanza kuchora.

"Havunji shingo," alisema habari za huyo binti, Riziki. "Hagusi koo. Mgonjwa akisema vidole vinakufa ganzi, ananirudishia mimi. Kuna wengine huku wanapindua shingo za watu kama za kuku."

Maneno yale ni yako, Mama, hata yale ya kuku. Nilikaa nayo siku nne bila kwenda.

Niseme wazi, maana kazi yangu ni kusema wazi: ni wivu. Nimeandika habari za wivu wa wake wenza, wa ndugu waliogombania shamba, wa wachimbaji waliochomana visu kwa shimo moja. Najua jinsi unavyotembea. Sikutegemea kuukuta nyumbani kwangu, katika umri huu, juu ya mikono ya marehemu.

Unakumbuka benchi la kukandia? Lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya bati. Sufuria ya maji ya moto, kitambaa, kikopo cha mafuta yale meusi ya kokwa za mawese yaliyonukia moshi. Walikuja wanawake wa mashambani waliobeba vitunga kwa kamba ya paji la uso, shingo zao zimesukumwa mbele kama za kasa. Alikuja yule karani wa gari la moshi aliyepiga chapa kutwa nzima na mabega yakiwa masikioni. Walikuja na shingo, na wewe ulianza na kiganja. Hilo lilinikera tangu utoto. Mtu analia shingo, wewe unamfinya kidole gumba, unapanda mkono, unaingia kwapani, unakaa kifuani chini ya mtulinga, unangoja. Shingo yenyewe ulifika mwishoni, na ulipofika ilikuwa imeshaanza kulegea yenyewe.

"Shingo njo inalia," ulikuwa ukiwaambia, kwa ile "njo" ya kwetu Kindu ambayo redioni naisoma "ndiyo", "lakini kifua njo kinaipiga. Utamufuata mwenye kulia, ama utamufuata mwenye kupiga?"

Na kulikuwa na sheria yako ya kufundisha. Anayetaka mkono wa kukanda aukande mwili wa mwalimu. Mwalimu hasemi chochote ila maneno mawili. Akikosa fundo, "Bado." Akilipata, "Hapo." Siku ya kusikia "Hapo" ndiyo siku ya kuanza kukanda watu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipoomba. Msimu mzima wa mvua nilisimama nyuma yako kila alasiri baada ya shule, nikikukanda shingo. Nilikwenda moja kwa moja panapouma. Niliona fundo, nikalibonyeza, nikalibonyeza tena. "Bado." Kesho yake, "Bado." Siku moja ulicheka mpaka sufuria ikataka kupinduka. "Mutoto huyu! Vidole vyake vinauliza kama polisi. Vinaniuliza: jina? umri? ulikuwa wapi jana?" Mashangazi walicheka. Mimi pia nilicheka. Kisha mvua ikaisha, na hukuniita tena kwenye benchi.

Nikaenda kuuliza kwingine. Redio ya Kisangani ilinichukua, na nilikuwa huko vita ilipoanza. Njia ikafungwa. Gari la moshi halikuja tena Kindu, mashua hazikupita, mji ukazungukwa na watu wenye bunduki wa kila namna. Habari zenu nilizipata kwa wasukuma baiskeli waliopita msituni na chumvi na sabuni: "Mama yako mzima." Maneno matatu, baada ya miezi. Nilisoma habari za vita kila asubuhi bila sauti kutetemeka, na watu walinisifu kwa hilo.

Njia ilipofunguka kidogo nilirudi nikiwa nyuma ya baiskeli ya mtu, kupitia Lubutu na Punia. Nilifika kwako saa nne asubuhi. Sikubisha hodi mbele, nilizunguka nyuma, nikijua utakuwa kwenye benchi.

Ulikuwa kwenye benchi. Lakini ulikuwa umekaa wewe, kichwa umeinamisha, na nyuma yako alisimama mwanamke mwembamba nisiyemjua, na mtoto akiwa mgongoni mwake. Mikono yake ilikuwa chini ya mtulinga wako. Haikuwa ikifanya chochote. Ilikuwa ikingoja. Kisha akapanda taratibu hadi shingoni, ukafumba macho, ukasema, "Hapo."

Nilikuwa na begi begani. Niliendelea kulibeba.

Ulipofumbua macho ulisema, "Asha. Umekonda." Ulinikumbatia kwa upande mmoja, kichwa chako kimeelemea bega la kulia, nikadhani ni uzee. Ukasema, "Huyu njo Riziki, wa Punia. Mutoto wangu."

Yeye akasema, "Karibu, Yaya."

Yaya. Dada mkubwa. Sikuwa na mdogo wangu yeyote duniani, nikapewa mmoja uani.

Baada ya hapo nilikaa Kindu. Nilipata kazi ya redio hapa, nyumba kule Kasuku, na kila Ijumaa nilikuja kula sombe, yale majani ya mihogo, kwako. Na kila Ijumaa nilikuta umeshakandwa. Mara moja tu niliomba. Riziki alikuwa amevuka mto kwenda Alunguli, na wewe ulikuwa unajishika shingo. Nilisema, "Mama, ngoja nikusaidie mimi." Ulirudi nyuma hatua moja. Hatua nzima, Mama, niliiona. "Acha. Mikono yako iko ya kuandika. Riziki atarudi."

Nilitengeneza chai.

Wala sitasahau siku ya kukuosha kwa maziko. Wanawake walijipanga bila kuambiana. Kichwa na shingo walimpa Riziki. Mimi nilipewa miguu. Niliiosha vizuri. Lakini nilimwona jinsi alivyokushika chini ya kisogo, kwa kiganja kizima, kama mtu anayejua uzito halisi wa kitu. Mimi sikuujua. Kisha wageni wa msiba wakaja, wengine wakampa yeye pole kwanza. Mwanamke mmoja akaniuliza, "Na weye ni nani kwa marehemu?" Nilimjibu kwa adabu.

Kwa hiyo sasa unaelewa zile siku nne.

Siku ya tano sikuweza kusoma taarifa ya saa sita kwa sababu sikuweza kuangalia karatasi. Nilimwachia mwenzangu, nikaenda Mikelenge. Mlango ni wa buluu kweli. Benchi ni lile lile, amelihamisha. Wanawake watatu walikuwa wanasubiri. Mmoja aliniangalia ninavyogeuka, akasema, "Ee mama, weye umechelewa! Shingo hiyo iko ya kupasua kwa shoka." Mwingine akamwambia, "Nyamaza, kesho njo yako." Walicheka, nikapewa nafasi ya mbele kwa ubaya wa hali yangu.

Riziki alipotokea na kitambaa mkononi alisimama. Amenenepa. Nywele zimeanza mvi. Yule mtoto wa mgongoni sasa anasoma Kisangani.

"Yaya. Umekuja."

"Hospitali wamenituma," nilisema. Nilitaka ijulikane kwamba sikuja kwa hiari yangu.

"Njo vizuri. Kaa."

Nilikaa. Akanichukua mkono wa kushoto, akaanza na kiganja.

Nilitamani afanye vibaya. Nakuandikia ukweli. Nilikaa pale nikimkagua kama ninavyokagua taarifa ya msemaji wa serikali, nikitafuta kosa. Maji yalikuwa na moto wa kutosha. Mafuta yalikuwa yale meusi. Alinibonyeza chini ya kidole gumba, akapanda kwenye mkono, akangoja kwenye kiwiko, akaingia kwapani mahali ambapo sikujua kuna uchungu, na uchungu ukanipanda mpaka sikioni. Alipofika kifuani aliweka vidole vitatu chini ya mtulinga, akaniambia nigeuze uso kulia polepole mwenyewe, bila yeye kunisukuma. "Usipigane," alisema. "Pumua tu. Mimi siendi mahali." Nikahesabu pumzi. Kwenye ya nane kitu kikaachia, kama fundo la kamba iliyolowa. Ndipo akagusa shingo, kwa ndani ya kiganja, kuanzia chini ya fuvu hadi begani, mara nyingi, bila haraka.

Alifanya kama wewe. Sikupata kosa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko bega.

Akafika kwenye ukingo wa bega, karibu na shina la shingo, akasimama. "Fundo ya kwako iko pahali pamoja na ya Mama," alisema. "Pamoja kabisa. Lakini ya kwako iko ya kuinama. Ya Mama ilikuwa ya sanduku."

"Sanduku gani?"

Mikono ikatoka begani.

"Riziki. Sanduku gani?"

"Yaya, ulisikia vibaya."

"Nilisikia vizuri. Ni kazi yangu."

Wanawake waliokuwa wakingoja walisogea karibu. Riziki aliwaambia wakamenye mihogo kidogo upande wa mbele, wakaenda shingo upande kweli kweli. Kisha akasimama nyuma yangu ili nisimwone uso, akaniambia.

Wewe unayajua haya. Nayaandika ili ujue kwamba sasa nayajua na mimi.

Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Punia, mimba ya miezi minane, ukamkuta sokoni, ukampa chumba. Alijifungua kwako. Siku ya sita wenye bunduki wakapita mtaani wakitafuta wabebaji. Walimtoa Riziki uani, wakamtwika sanduku la risasi kichwani. Wewe ulitoka jikoni na mikono ina unga. Ukaliondoa lile sanduku kichwani kwake kama unayemtua mtu ndoo ya maji. "Huyu anatoka kujifungua," uliwaambia. "Atawaangukia njiani na hiyo vitu yenu. Nipeni mimi. Niko na shingo." Na walicheka, alisema Riziki, kwa sababu ulikuwa tayari mzee. Kisha wakakupa.

Ulirudi siku ya nne. Kichwa kimelala begani, hakikunyanyuka. Hukuweza kujikanda mwenyewe, na aliyekuwepo nyumbani alikuwa yeye tu, na maziwa yakimtoka. Ukamfundisha kwa mdomo. Kiganja kwanza. Panda. Ngoja. Bado. Bado. Alisema alilia akikukanda, na ukamgombeza kwamba machozi yanapoza mafuta.

"Kwa nini hakuniambia?" niliuliza. Niliuliza kama polisi.

"Alikataza. Wakati ule ulikuwa Kisangani. Alisema: Asha akijua atakuja, na njia iko na watu."

"Na baadaye? Njia ilifunguka. Nilikuwa hapa miaka yote. Aliniona kila Ijumaa."

Nilimsikia Riziki akikikamua kitambaa. "Alisema: Asha asiguse hii shingo. Akiigusa tu, mikono yake itauliza. Na mimi siwezi kumudanganya mutoto wangu."

Kwa hiyo ile hatua moja ya kurudi nyuma ilikuwa hiyo. Nimekaa nayo miaka yote nikidhani ni dharau.

Watu watataka niandike hapa kwamba wivu uliisha. Haukuisha, Mama. Ulizidi. Kwanza nilimwonea wivu kwa mikono yako, sasa namwonea kwa sanduku. Ulimbebea yeye sanduku la risasi siku nne, na mimi siku hizo hizo nilikuwa nasoma taarifa Kisangani kwa sauti tulivu, pengine nikisema kwamba hali ya Kindu haijathibitishwa. Aliyekuwepo ni yeye. Nimekuwa nikimtazama kama mtu aliyeingia mahali pangu. Mahali palikuwa wazi. Mimi ndiye niliyekuwa mbali, na hilo ndilo linaloniuma, na nimelia miaka yote mahali pengine.

Sikumwambia hayo. Nilisimama, nikageuza shingo kushoto. Iligeuka, si yote, nusu. Nikamwona Riziki mzima mzima kwa mara ya kwanza, bila kugeuza miguu. Alikuwa amejishika shingo kwa mkono wake wa kulia, kidole gumba chini ya fuvu, kama wewe siku ile alipokuwa Alunguli.

Anayekanda huinama kutwa. Nilipaswa kujua, nimekua chini ya bati lile. Kichwa chake kinatangulia mabega kuliko changu.

"Nani anakukanda wewe?" niliuliza.

"Mama alikuwa ananikanda. Sisi wawili tulikuwa tunapokezana." Akacheka kidogo. "Sasa najisukuma kwa nguzo ya mlango, kama mbuzi."

Nilinawa mikono. Maji yalikuwa bado ya moto. Nikamwambia, "Kaa."

"Yaya, wacha. Weye iko na kazi ya redio."

"Kaa, nimesema."

Alikaa kwenye benchi lako. Nilisimama nyuma yake, na nikaliona fundo wazi, upande wa kulia, kubwa kama kokwa la mawese, na vidole vyangu vikataka kulirukia kama vilivyotaka kukurukia wewe. Nikavizuia. Nikazunguka mbele, nikamchukua kiganja. Nilimfinya chini ya kidole gumba, nikapanda mkono. Sikujua muda wa kungoja kwenye kiwiko, nikangoja pumzi nane kwa sababu ndizo nilizozihesabu kwangu. Kwapani nilikosea, aliruka. Kifuani nilingoja tena. Nilipofika shingoni jua lilikuwa limeshahama kutoka kwenye sufuria, na wale wanawake watatu walikuwa wamerudi wamesimama pembeni bila aibu, wakitazama. Nikaweka kidole gumba juu ya fundo, taratibu, nikabonyeza.

Riziki alifumba macho. Nilimsubiri.

"Bado," alisema.

Kwa sauti yako, Mama. Hata ule mshuko mdogo wa mwisho, aliuchukua nao. Wale wanawake wakapiga kelele za kicheko, na yule wa shoka akasema, "Ee, Yaya atalala hapa leo!" Na mimi, ambaye sijawahi kupoteza sauti hewani hata siku mabomu yalipoanguka karibu na studio, nililazimika kwenda kumwaga maji nje ya ua nikakaa huko kidogo.

Kine nimemrudia. Aliniuliza kama nilimpata binti wa Mama Asha. Nilimwambia nilimpata, ana mikono mizuri, awatume watu bila wasiwasi. Sikumsahihisha.

Pumzika sasa. Shingo yako iweke utakavyo, hakuna wa kuiuliza. Wivu wangu nabaki nao, ni wangu. Lakini nakuahidi kwamba Riziki hatajisukuma tena kwenye nguzo. Kila Ijumaa, saa zile nilizokuja kula sombe kwako, nitapita mashamba ya mihogo hadi mlango wa buluu, nitanawa mikono, nitaanza na kiganja. Ijumaa iliyopita nilisikia "Bado" mara mbili. Nitaendelea kwenda.

Mwanao,
Asha